Kwa Pacha Wangu, Niliyeshindwa Kumpa Figo

Mpendwa dada yangu Mukhwana,

Tulikuwa na miaka minane siku shangazi alipotoka Kakamega mjini, akaja kwetu Matungu kuchukua mtoto mmoja akamsomeshe. Hakujaliwa mtoto, na alikuwa na kazi ya ukarani. Mwalimu alikuwa amemwambia baba kwamba kati yetu mimi ndiye niliyeshika kusoma upesi, kwa hiyo ilishaamuliwa niende mimi. Mama akanifulia gauni. Asubuhi ile malaria ikaniangusha. Nilikuwa nimelala mkekani natetemeka, wewe umenishikia kikombe cha maji, shangazi akasimama mlangoni akitutazama kwa zamu.

"Huyu ni mgonjwa, nitamfikisha aje? Si wanafanana? Nipeni huyo mwingine."

Ukaondoka na gauni langu.

Tulifanana kweli. Mama alisema Mungu alituumba mara moja, akatugawa. Sote tulitumia mkono wa kushoto. Jino la juu lilituota kombo upande uleule. Lakini kila ulipokuja likizo, tukisimama bega kwa bega jikoni, ulikuwa umenizidi kidogo. Kwa shangazi kulikuwa na maziwa na mayai. Kwetu obusuma, yaani ugali, na mboga, na msimu wa njaa tulitafuna muwa tukalala. Tulipofika miaka kumi na minne kichwa changu kilikufika sikioni. Shule ya mjini ilikuachisha kutumia mkono wa kushoto kwa kiboko. Wangu hakuna aliyeujali, nikaushikia panga. Baba alipofariki niliacha masomo darasa la saba, baadaye nikaolewa Musanda kwenye miwa. Wewe ukawa mwalimu.

Nilikuonea wivu, dada. Nguo ulizoniletea nilizivaa nikizichukia.

Mama alikufa amekonda, kiu haimwishi, na watu wakasema amerogwa. Miaka ikapita, ukanipigia simu.

"Mulongo, nimepatikana na sukari. Daktari anasema hii kitu iko kwa damu yetu, na naona ndiyo ilimmaliza mama. Si uende upimwe?"

"Hiyo ni ya watu wa kukaa ofisini na kula mkate. Mimi nalima. Itanipatia wapi?"

"Sisi ni mtu mmoja, Mulongo."

Hapo ndipo nilipokuambia neno ambalo leo ningekata ulimi kulirudisha: "Ulikula nafasi yangu. Sasa kula na ugonjwa wangu."

Kisha ukasema, "Sawa," ukakata simu. Hata hivyo, kwa miaka minne hukuacha kunitumia ujumbe wa neno moja: "Umepima?" Sikujibu hata mmoja.

Figo zako zilipokataa, mume wako alikuja mwenyewe Musanda akanikuta napalilia. Alisema daktari ameeleza kwamba figo ya pacha kama mimi mwili wako ungeipokea kama yako. Niliacha jembe palepale, nikaenda na matope miguuni. Uliponiona ukacheka kwa sauti ndogo.

"Umekuja kunipa, na vile ulinitusi?"

"Chukua zote mbili," nikakuambia.

Nitakuungamia kitu. Siku zile za vipimo nilikuwa na furaha. Kwa mara ya kwanza maishani kulikuwa na kitu ambacho wewe huna na mimi ninacho.

Daktari aliyeniita alikuwa msichana mdogo, angeweza kuwa binti yetu. Alifunga mlango kwanza. Akasema sukari imekaa mwilini mwangu miaka mingi bila kelele, na imekwisha kula figo zangu.

"Mama, huwezi kutoa. Hata wewe mwenyewe hazikutoshi. Ungekuja mapema, tungeizuia kwa dawa."

"Lakini mimi si mnene," nikamwambia. "Mimi nalima. Mbona inipate?"

Alinieleza polepole. Tulizaliwa na mbegu moja, akasema, na maisha ndiyo yanayoinyeshea, kila mtu kwa mvua yake. Yako huenda ilikuwa kiti na chakula cha mjini. Yangu huenda ilikuwa njaa ya utotoni. Mwili uliozoea kukosa nao huumia kwa namna yake. Nikamuuliza kama ningeenda mimi kwa shangazi ingekuwaje. Akatazama karatasi zake, akasema hilo hakuna kipimo chake.

Nilirudi kitandani kwako nikaketi. Ulijua kabla sijafungua kinywa. Ukanishika kiganja, kile chenye makovu ya majani ya miwa, ukasema, "Si wewe. Ni damu."

Hapana, Mukhwana. Damu ilitupa ugonjwa. Ile miaka minne ya kukataa haikutoka kwenye damu ya mtu yeyote. Niliipika mwenyewe.

Ulikaa wiki tatu tu. Siku ya mazishi wanafunzi wako walipita kwenye jeneza wakakutazama, kisha wakainua macho wakaniona mimi nimeketi kando. Wengine walipiga mayowe, wakakimbia.

Baadaye nikawa nakuja kwako kuwapikia watoto. Neema, kitinda mimba wako, alikuwa akinipanda magotini, anaupapasa uso wangu wote, ananiita mama, halafu analia. Siku moja mume wako alinisindikiza mpaka barabarani. Alikuwa anatazama chini.

"Shemeji, usinichukulie vibaya. Usije kwanza. Mtoto akikuona anadhani mamake amerudi, na ukienda anafiwa tena." Akageuka kurudi. "Na mimi pia."

Nimekubali. Sasa ni miezi mitano sijakanyaga huko. Nameza vidonge asubuhi na jioni, na sijui navimezea nini. Binti yangu mkubwa nimemsihi akapimwe. Amenijibu kwamba yeye bado kijana, tena hana kitambi.

Mvi zimeanza kunitoka juu ya sikio la kushoto. Naamini zako zingetokea papo hapo, na siku hizo tungechekana. Kuanzia sasa nitazeeka kwa niaba yetu sote wawili, na hakuna nyumba inayotaka kuniona nikizeeka.

Pumzika, dada. Ukiweza kunisamehe, nisamehe. Mimi nimejaribu nikashindwa.

Pacha wako,
Mulongo