Mama Mdogo Hajamfuta Mtu

Magomeni, Mtwara
Ijumaa

Mama yangu,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Bakari, dereva aliyekuletea barua hii, ameniambia bado unaokota korosho mpaka giza linaingia, na kwamba ukiulizwa habari za mgongo unajibu huna mgongo. Tafadhali kuwa nao. Sisi huku hatujambo. Mama Mdogo ana kazi nyingi za harusi, cherehani inalia kutwa, nami nasomea pembeni yake. Vipande vya kitambaa vinaingia mpaka kwenye daftari langu la Baiolojia.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu imeshatuharibia. Najua umesikia kwamba Mama Mdogo anawafuta ndugu mmoja baada ya mwingine, na kwamba Babu naye amefutwa. Bakari anasema huko mtoni watu wameanza kuulizana kikao cha ukoo kitakuwa lini. Mama, hakuna aliyefutwa. Yaani wamefutwa, lakini si wao. Ngoja nieleze kwa utaratibu, kama tunavyofundishwa.

Mwalimu wetu wa TEHAMA alitufundisha kwamba si vizuri kutoa barua pepe yako halisi kila unapoombwa. Zipo anwani za muda. Unatengeneza moja, unaitumia kwa shughuli moja, ukimaliza unaifuta, na anayekusumbua hakupati tena. Nikaona jambo hili litamsaidia Mama Mdogo, maana kila anapotafuta mishono mipya mtandaoni anaambiwa aweke barua pepe kwanza. Nikamwekea programu ya anwani hizo kwenye simu yake. Alifurahi kupita kiasi. Kutengeneza anwani alijua siku hiyohiyo. Sehemu ya kufuta hakuisikiliza, alikuwa anampima mtu kiuno.

Kila anwani inatakiwa kuwa na jina. Mwalimu alisema tuweke jina la shughuli, lakini Mama Mdogo akasema, "Shughuli nitazisahau. Ndugu zangu nitawasahau?" Akazipa majina ya ukoo mzima. Anwani aliyoingilia kwenye bahati nasibu ya pikipiki akaiita Shemeji Halfani, yule mdogo wake Baba Mdogo anayeendesha bajaji. Ya mawigi akaiita Babu. Ya nguo za kuogelea ikamwangukia mama mkwe wake wa Ziwani. Kwa kuwa jina la mkwe hawezi kulitamka, aliandika "Yule Mama".

Haikuchukua muda simu ikawa haitulii. Mteja amesimama na pini begani, simu inalia, Mama Mdogo ananiambia nisome. "Babu, nywele zako mpya zinakusubiri!" "Yule Mama, jua limewaka, umeshachagua vazi lako la ufukweni?" Tulikuwa tunacheka, Mama, sikufichi.

Tuliacha kucheka siku mwalimu aliponiita ofisini. Unakumbuka yale mafunzo ya sayansi ya wasichana niliyoomba, ya likizo, kule Dodoma? Walipotaka barua pepe ya mzazi, nawe huna, Mama Mdogo alikutengenezea moja kwenye programu ileile, akaiita Dada.

"Rehema," mwalimu akasema, "majibu yako yametumwa yakarudi. Sanduku la mzazi wako limejaa. Watatuma tena Alhamisi, na wamesema hawatatuma mara ya tatu."

Shuleni sikulia. Nililia nyumbani kidogo, nyuma ya kabati la vitambaa.

Anwani zote za Mama Mdogo zinatumia sanduku moja, na ukifuta anwani, barua zake zinaondoka nayo. Kwa hiyo kazi ilikuwa nyepesi: kufuta zote, kubakiza Dada. Mama Mdogo akashika simu, akaanza na Babu kwa sababu mawigi ndiyo yalikuwa mengi. Simu ikamwuliza: "Una uhakika unataka kumfuta Babu? Hutaweza kumrudisha."

Akailaza simu kifudifudi juu ya cherehani.

"Siwezi."

"Mama Mdogo, ni anwani tu."

"Wewe umezaliwa juzi. Baba yangu yuko hai, anakula, anatembea, halafu mimi mwanawe nikubali kwamba hatarudi? Kesho akijikwaa utasemaje?"

"Basi tumfute Yule Mama."

"Mkwe wangu! Unataka nirudishwe kwetu?"

"Shemeji Halfani je?"

Hapo akafikiri. "Shemeji sawa, ni mtani wangu. Ila nimtaarifu kwanza, nisimfute kimyakimya kama mchawi."

Akampigia, akaweka sauti kubwa, kwa hiyo nilisikia yote.

"Shem, nataka kukufuta."

"Kunifuta? Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Umejaza tu."

"Nimejaza nini?"

"Pikipiki."

"Pikipiki nitoe wapi, shemeji? Nina bajaji moja, tena ya tajiri!"

"Basi usijali, si wewe peke yako. Hata Baba namfuta, nikipata moyo."

Mama, maneno hayo yaliingia kwenye bajaji na yakatembea nayo mji mzima. Shemeji alimweleza kila abiria aliyepanda. Mmoja wao alikuwa anarudi huko kwetu Mpapura.

Jana, Alhamisi, nilikuwa nimetoka shule, mteja mmoja anajaribu gauni, Mama Mdogo bado anatafuta moyo, mara bodaboda ikasimama mlangoni. Akashuka Babu na nguo za shamba, kofia kichwani na mihogo kwenye kiroba.

"Shikamoo, Baba," Mama Mdogo akasema.

"Marahaba. Pokea mihogo. Hata aliyefutwa haji mikono mitupu." Akaketi kwenye kiti cha wateja. "Sijaja kuuliza kwa nini nimefutwa. Nataka kujua kwanza niliandikwa wapi."

"Kwenye mawigi, Baba."

Babu akavua kofia. Akapapasa kichwa chake chote, taratibu, kama anayetafuta unywele wa kumtetea.

"Mawigi," akasema.

"Ndiyo, Baba. Nafasi nyingine zilikuwa zimeshachukuliwa."

Ilibidi mimi nieleze, kuanzia TEHAMA mpaka Dodoma. Babu alinisikiliza vizuri kuliko wanafunzi wengi. Nilipofika kwenye majibu yaliyorudi, akamgeukia Mama Mdogo.

"Kumbe mtoto anakosa nafasi kwa sababu ya nywele zangu, nawe umekaa? Wewe ni mwanangu, kweli huwezi kunifuta, ni laana. Lakini huyu ni mjukuu, ana utani na mimi. Kila siku ananiuliza nitakufa lini arithi redio. Mpe simu."

Nikapewa simu. Nikasema, "Kwaheri, Babu, ulikuwa mzee wa hovyo," nikabonyeza. Babu alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia nimwondoe na Yule Mama, maana naye ni bibi yangu wa utani, nikamwondoa pamoja na nguo zake za kuogelea. Mama Mdogo akaninyang'anya simu amfute Shemeji kwa mkono wake, kwa raha zote. Baada ya hapo akapata moyo kupita kiasi. Wajomba, mawifi, akawa anabonyeza tu, "Na huyu! Na huyu naye!"

"Huyo Dada! Huyo ni Mama!" nilipiga kelele, na mteja akakaa juu ya pini.

Kidole kilisimama hewani. Tukangoja, sote tumeinamia simu, hata mteja. Jua lilikuwa limeanza kushuka barua ilipoingia.

Mama, nimechaguliwa.

Lakini wameandika kwamba mzazi ajibu kama anaridhia nisafiri, kabla ya Ijumaa ijayo. Mama Mdogo alikuwa ameshaandika "Naridhia sana" kwa jina lako. Nikamwomba afute, na hilo alilifuta bila kumpigia mtu simu. Alisema, "Mama yako atakubali tu." Mimi sijui. Likizo ndiyo wakati ninaokuja kukusaidia korosho, na najua mgongo wako unao. Babu anasema atakuja yeye kuokota kwa niaba yangu. Nimeshindwa kujua kama ni utani.

Wamekuuliza wewe, kwa anwani yako. Andika jibu lako nyuma ya karatasi hii, hata neno moja, umpe Bakari. Nitalituma kama lilivyo. Likiwa hapana nitaandika hapana, na nitakuja kuokota bila kununa.

Msalimie Bibi, mwambie redio bado ni ya Babu. Wasalimie wadogo zangu na jirani yetu Mama Anastasia wa ng'ambo ya mto. Na Shangazi Mwanahawa mwambie asinune tena: yeye hakufutwa kwa sababu hakuwahi kuwamo.

Bakari amesema hatawasha gari kurudi huku mpaka umpe karatasi.

Mwanao anayekupenda,
Rehema