Soksi za Alpaka za Mama

Mama mpendwa,

Hapa kwa Shangazi, Gatina, kuna baridi zaidi kuliko kwetu Laini Saba, au labda ni kwa sababu silali karibu nawe. Mtoto wa Shangazi ni mzuri, lakini bado hajui kuongea. Yeye na mama yake wakilala mchana, nyumba yote hunyamaza.

Jana nilienda soko la 56 kukutafutia soksi. Mama mmoja wa mitumba alinionyesha za sufu ya alpaka, mnyama mwenye shingo ndefu kama ngamia mdogo. Ni laini na haziwashi.

"Leta ngumi," akasema. Akaeleza kwamba soksi ikizunguka ngumi, ncha yake ya vidole ikakutana na kisigino chake, inamtosha mwenye ngumi. Vilikutana. Nilipomwambia ni zako, akacheka: "Kwani wewe msupa, mamako anatembelea miguu yako?"

Nikamjibu ndiyo. Siku ya mkutano wa wazazi ulivaa viatu vyangu vya shule, na vilikutosha.

Kulikuwa na nyembamba na nene, nami nilikuwa na hela za jozi moja tu. Nyembamba zingekaa vizuri ndani ya viatu vyako vya kanisa; nene zingekubana vidole humo. Lakini kanisani unakaa, na kwenye gambuti zako za mpira unasimama kila asubuhi ukiuza uji kando ya reli. Nimechukua nene, zinazopita ukingo wa gambuti ili zisiteremke.

Nisamehe, nimezivaa mara moja. Sasa nikikukumbuka nazungusha moja kwenye ngumi, na bado inakutana.

Upate joto hata kabla sijazileta.

Binti yako,
Akinyi