Nyasi za Jumba Lile

Erdington, Birmingham
Jumapili jioni

Ndugu yangu Fanuel,

Huku ni baridi tu. Mwanangu Tevin amenipita urefu, na ukimsemesha Kiswahili bado anakujibu kwa Kiingereza.

Jana kanisa lilitupeleka kuona jumba la kale nje ya mji. Lina vyumba sitini, ziwa la kuchimbwa kwa mikono, na nyasi laini hadi macho yanapoishia. Mzee anayetembeza wageni alisema zamani hapo palikuwa na kijiji. Mwenye jumba hakutaka kukiona dirishani mwake, kwa hivyo aliwahamisha watu, akang'oa mawe ya makaburi, akapanda nyasi juu.

"Wajukuu wao waliporudi," akasema, "hawakuwa na pa kuonyesha kwamba ni kwao."

Wenzangu walikuwa wanapiga picha. Mimi nilikumbuka ile video uliyonitumia Pasaka. Umelipamba boma, asante. Lakini nyuma ya jikoni niliona nyasi mpya na maua, na msalaba wa mama sikuuona. Nilipouliza, ukasema mtandao unasumbua, ukakata simu.

Fanuel, wewe ni Mkisii kama mimi. Unajua mnunuzi wa shamba akiona kaburi hugeuka akaenda zake. Kama nakushuku bure, Mungu anisamehe.

Nimekata tiketi. Desemba tunakuja, mimi na Tevin. Usije kunipokea uwanja wa ndege. Nisubiri nyuma ya jikoni, umesimama pale tulipomlaza mama.

Dada yako,
Kerubo