Yame na Mate

Ijumaa, Septemba 2015. Kasese.

Mvua imenyesha tangu mchana, joto letu limenyamaza, na milima imejificha nyuma ya mawingu kama haikuwahi kuwepo. Mkono wangu wa kushoto umevimba. Nimeutumbukiza kwenye beseni la maji baridi, ninaandika kwa wa kulia, na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Nianze na mkono.

Jana jioni tulikuwa mazoezini kwa Afande. Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: Afande ni mwalimu wangu wa karate, mwanajeshi mstaafu. Jina lake ni Baluku, lakini hata mke wake humwita Afande. Amenifundisha tangu nikiwa sekondari, kwenye ukumbi wa saruji ulio nyuma ya kanisa. Nyumbani tunasema Lhukonzo, darasani nilisoma kwa Kiingereza, ila ngumi nilijifunza kwa Kiswahili chake cha jeshini. Nadhani ndiyo sababu nilikwenda kukisomea Kiswahili chuoni na sasa ninakifundisha. Nilitaka kujua alichokuwa akinipigia kelele.

Goti lake limechoka. Wiki iliyopita, akifunga mlango wa ukumbi, alisema bila kunitazama, "Wasichana ya Jumamosi sasa iko yako." Akaenda zake. Nilizunguka nyuma ya ukumbi nikalia.

Sijawahi kutaka kitu kama ninavyotaka kuwafundisha wasichana wale wa darasa la Jumamosi.

Sasa, Afande ana desturi. Tukiwa tumejishusha kwenye mkao wa karate, magoti yamekunjwa na ngumi ziko kiunoni, yeye hupita katikati yetu na fimbo yake. Akiona mguu mwepesi, anauchota nayo. Jana mawazo yangu yalikuwa mbali na mguu wangu ukawa mwepesi. Akauchota. Mtu wa karate akichotwa hivyo huyumba, au huanguka kama gunia la muhogo. Mimi nilikunja kidevu, nikatoa pumzi, na mkono wangu wa kushoto ukaenda wenyewe kupiga saruji.

Pa!

Wenzangu waligeuka. Maumivu yalipanda mpaka begani, lakini niliogopa zaidi uso wa Afande. Alikuwa ananitazama kama mzazi aliyekuta mtoto wake anajua wimbo ambao hauimbwi nyumbani kwao.

"Nani alifundisha wewe kupiga sakafu?"

Nikainuka nimeshika mkono.

"Biira. Nauliza."

"Kuna mama mmoja Bwera, Afande. Wa judo."

"Judo." Alilitamka kama anaonja maziwa yaliyochacha. "Ile ya kukumbatiana."

Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Mimi hapana patia wasichana yangu mutu iko na walimu mbili. Kesho nakuja kuona hiyo mama."

Sikulala vizuri.

Ukweli ni huu: tangu Pasaka nimekuwa nikienda Bwera kila Ijumaa baada ya vipindi, na sikumwambia. Nilikuwa nimekwenda soko la Mpondwe, jirani na Bwera mpakani mwa Kongo, kutafuta kitenge. Mama aliyekuwa akinipimia kitambaa alivitazama vifundo vya vidole vyangu vilivyoota sugu, akauliza, "Unapiganaka na nani, mama?" Nikaona haya, nikasema sipigani na mtu. Akaniuliza jina. Nilipomwambia akacheka, akanishika mkono. Yeye ni Kavira, wa Butembo. Ng'ambo ile binti wa pili huitwa Kavira, huku kwetu huitwa Biira. "Weye Biira, miye Kavira. Tuko na jina moja!" Alicheza judo tangu utotoni, na jioni za siku ya soko huwafundisha wanawake na wasichana kwenye ghala kuukuu la kahawa. Mikeka yake ni magunia yaliyojazwa maganda ya kahawa na kufunikwa turubai. Kila mtu akianguka, ghala zima linanuka kahawa.

Karate ya Afande ni elimu ya umbali. Unajifunza mkono wako unafika wapi, mguu wako unafika wapi, na unahakikisha hakuna anayeingia ndani ya mpaka huo. Unarudia ngumi moja mpaka kiuno kiielewe kuliko kichwa. Ngumi nzuri kabisa inasimama karibu na ngozi ya mwenzako bila kuigusa. Nilikuwa hodari sana. Mtu kama mimi, asiyependa kushikwa hata bega, angekosaje kuwa hodari?

Judo ya Kavira inaanza pale karate inapokataa kufika. Mtu anakushika ukosi na mkono wa vazi, unasikia anavyopumua. Humpigi. Unasubiri anyanyue mguu, kisha unamvuta kuelekea kule ambako tayari alikuwa anakwenda. Na kabla ya hayo yote, unajifunza kuanguka, mkono ukipiga mkeka ili mgongo usiumie. Mwezi mzima Kavira hakunifundisha kitu kingine. Nilichukia. Halafu siku moja nilianguka bila kuogopa, nikabaki nimelala pale nikitazama mabati, na machozi yakanitoka, sijui kwa nini.

Siku yangu ya kwanza niliaibika. Katika karate amri ya Kijapani ya kusimamisha pambano ni "Yame!" Mwalimu wa Kiswahili anateseka na neno hilo, kila nikilisikia ninasubiri kitenzi. Yame nini? Yameiva? Yamemwagika? Wasichana wa Jumamosi humalizia kwa kunong'ona, "...kwisha!" Afande hujifanya hasikii. Basi siku ile Bwera nimeshikana na binti mmoja, tunasukumana, mara Kavira akapaza sauti: "Mate!"

Nikaachia mkono mmoja, nikajifuta mdomo.

Kumbe kwenye judo hiyo ndiyo amri ya kusimama. Tangu hapo ghala zima linaniita Mamzeli Mate, yaani Binti Mate, kwa Kifaransa chao cha ng'ambo.

Leo Afande alikuja ghalani. Alivaa koti lake la kwenda misa na viatu vilivyong'aa. Kavira alijifanyia ishara ya msalaba kama afanyavyo kabla ya kila somo, akainama kumsalimu, kisha akanyoosha kidole chini.

"Papa, viatu."

Nilishikwa na woga. Afande alivitazama viatu vyake, akamtazama Kavira, akavivua. Alisimama pembeni na soksi zake, mikono kifuani, akatutazama tukianguka, tukiamka, tukianguka. Mwishowe akashindwa kuvumilia.

"Sasa mutu akikuja na ngumi, nyinyi nafanya nini? Nalala?"

"Kuya uone, papa," Kavira akasema, akamvalisha koti la judo lililomwishia kwenye viwiko.

Walishikana. Afande alijishusha kwenye mkao wake, na hapo nilijivunia kuwa mwanafunzi wake, maana Kavira alivuta, akasukuma, akazunguka, na mzee hakutikisika. "Eeh! Huyu papa iko na mizizi!" Kavira akasema akihema. Masharubu ya Afande yalianza kutabasamu. Ndipo msichana aliyekuwa akiangalia saa akapiga kelele:

"Mate!"

Afande akaachia mkono mmoja, akajifuta masharubu. Upande huu, kisha upande huu.

Kavira alikaa chini kwenye magunia kwa kicheko. "Haiko mate ya kinywa, papa! Njo kusema simama!" Na sauti moja nyuma yangu ikapasuka: "Mamzeli Mate amepata baba yake!"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilipofuta machozi, Afande alikuwa ananitazama, hana hasira, ila hajamaliza.

"Wewe. Kuja. Nionyeshe hiyo kitu nilificha-ficha."

"Ulichonificha," nilitaka kusahihisha. Sikusahihisha. Nilimshika ukosi. Nilingoja auhamishie uzito mguu wenye goti zima, nikamvuta polepole, mkono wangu ukiwa nyuma ya shingo yake, nikamshusha kama mtu anayelaza mtoto. Maganda ya kahawa yakalia chini yetu. Nikamkandamiza kifua kwa kifua, kama nilivyofundishwa, na Afande akaanza kupigana.

Ana nguvu bado. Alijikunja, akasukuma, akatafuta pa kutokea. Wengine wakibanwa hivi hupiga mkeka mara mbili kusema wameshindwa. Yeye hakujua, na hata angejua asingepiga. Nilisikia moyo wake ukigonga. Miaka yote hii alikuwa amenigusa kwa fimbo tu, kurekebisha goti, kurekebisha kiwiko. Nilifikiri: nikimwachia atajua nimemhurumia, nisipomwachia nitampoteza. Mimi sijui kuacha kitu. Sijawahi kujua.

Kisha akatulia. Sauti ikatoka karibu na sikio langu, ndogo, sauti ambayo sijawahi kuisikia ukumbini.

"Basi, mwanangu. Basi."

Nilimwachia kabla neno halijaisha.

Tulirudi pamoja kwenye gari la abiria, yeye dirishani, mvua ikipiga vioo. Alikuwa akikanda goti lake. Nilijiandaa kuwakosa wasichana. Tulipopita Kikorongo akakohoa.

"Kwanza nafundisha wao kusimama. Halafu kuanguka. Hapana anza na kuanguka."

"Ndiyo, Afande."

"Na saruji yangu hapana. Wewe naona mukono yako? Tafuta magunia."

"Ndiyo, Afande."

"Na hiyo mate-mate hapana leta kwa ukumbi. Watoto watatema."

"Nitasema yame, Afande."

Akageuka dirishani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na nikachelewa kuelewa kwamba anacheka.

"Kwani wewe nafikiri mimi hapana sikia? Yame-kwisha, yame-kwisha. Kila Jumamosi." Akajifuta masharubu, safari hii kwa makusudi. "Tafuta neno yako."

Maji ya beseni yamepata joto. Kavira amenipa magunia manne, yako hapa mlangoni, na chumba changu chote kinanuka kahawa. Kesho asubuhi nitasimama mbele ya wasichana wale. Nitawaonyesha namna ya kujishusha mpaka miguu ipate mizizi, halafu nitawaonyesha namna ya kuanguka bila kuogopa. Watashikana, watasukumana, kuna atakayezidiwa, na itafika wakati wa kuwaambia waachane.

Neno ninalo. Nimelifundisha darasani miaka yote bila kujua uzito wake, mpaka leo liliponifikia sikioni kutoka kwa mtu aliyelala chini.

Basi.