Jina Nililompa Mtoto

Kamunyonge,
Musoma.
18 Juni 1984

Mpendwa Mama Mdogo Esta,

Shikamoo. Hujambo na watu wa huko Tabora? Kifua chako kimepona? Sisi hapa miili ni mizima. Ile sukari uliyotuachia siku ya matanga imetufaa sana, dukani hakuna hata ya kuonja.

Shule nimerudi. Siandiki kitu, mwalimu ameniuliza kama daftari ni pambo.

Mama Mdogo, nina jambo. Mbele ya mtu lingenikwama, unanijua.

Tangu tumzike Mama, mtoto mchanga aliyemwacha nilikuwaga nalala naye mimi. Namnywesha maziwa kwa kijiko, nimejifunga kanga ya Mama. Nikimpakata anatafutatafuta ziwa kifuani kwangu mpaka naona aibu. Wiki ya pili akalia bila kukoma. Bibi akasema analilia jina, atakalolinyamazia ndilo lake. Akaanza kutaja marehemu wetu mmoja mmoja. Gati, mtoto analia. Mkami, analia. Alipotaja Nyangi, jina la Mama, nikamtia kidole mdomoni. Nilikuwa nimekichovya kwenye sukari. Akanyamaza.

Bibi akapiga vigelegele: "Amejirudia mwenyewe!" Baba akatoka nje.

Nilidhani nimefanya vizuri. Kumbe Baba hawezi kumwita. Husema tu, "Mpe huyo maziwa." Nilimsikia akimwambia Bibi, "Mama, nikilitaja lile jina nageuka kuangalia mlangoni, kama mwehu." Bibi akasema basi mtoto aende Bunda kwa shangazi Robi, naye ananyonyesha. Juzi Jumamosi wamempeleka. Kanga ina harufu ya maziwa, sijaifua.

Najua huko atanenepa. Lakini atamjua shangazi, mimi hatanijua.

Bibi anasema jina alilolichagua mtoto halibadilishwi. Hakulichagua, ni kidole changu. Nimejaribu kumwambia Bibi mara mbili, nikaishia kuomba chumvi. Naomba umwandikie wewe, anakusikiliza. Najua ni jina la dada yako, na ukisema litaondolewa. Nisamehe. Wampe lolote lile ambalo Baba anaweza kulitamka, akishaacha ziwa arudi nyumbani.

Nisalimie Baba Mdogo Masatu na Hyasinta. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Ni mimi mwanao nikupendaye, dada wa mtoto,
Boke