Bahasha Saba Kwenye Kitunga

Jumatatu, tarehe 5, mwezi wa tano
Sindano, vidonda, kufagia. Kituo cha afya kizima ni mimi, muuguzi, na kufuli. Nimehesabu kwenye daftari: tangu mwezi wa kwanza nimetuma wagonjwa saba hospitali kuu, jibu hakuna hata moja. Kila karatasi ya rufaa ina nafasi chini, ya daktari kunijibu. Nadhani wanazifungia karanga.

Neema, wa saba, amerudi leo. Mimba ya miezi minane, nilimtuma kwa sababu alitokwa damu. Daktari amesema nini? "Ameandika yote mu karatasi." Iko wapi? Hakuja nayo. Nimemwambia ailete Alhamisi.

Alhamisi, tarehe 8
Hakuja. Nimekula ugali na ndagala, dagaa wa huku ziwani, peke yangu. Mke wangu anafundisha Uvira, mtandao umekatika siku ya tatu. Namchukia daktari ambaye hata sura yake siijui.

Jumatano, tarehe 14
Neema bado. Nimekwenda kwao. Mama mkwe wake, Mama Riziki, ameniambia yuko kwenye chumba cha maombi, anafunga. Mjamzito, anafunga! Hasira hasara, nimekwenda huko kwenye maombi.

Kumbe hapa karatasi ya hospitali huombewa kwanza, habari mbaya isifunguliwe ovyo. Mama anayeongoza maombi amenionyesha kitunga. Bahasha saba, hazijafunguliwa, zote zimeandikwa jina langu.

"Hatukufungua ata moja, muganga. Iko yako."

Mbona hamkuniletea?

"Weye haukukuya huku kuomba ata siku moja."

Kweli. Mimi ni Mkatoliki, na sikuwahi kuuliza.

Ya Neema nimeifungua palepale. Kondo la nyuma limefunika njia ya mtoto. Asizalie kituoni, atakufa kwa damu. Arudi hospitali kabla ya tarehe 16. Chini yake: "Hii ni barua ya saba. Hunijibu. Unazisoma kweli?"

Miezi minne namtukana mtu huyu. Naona aibu.

Alhamisi, tarehe 15
Mama Riziki alitaka Neema amalize siku mbili za kufunga zilizobaki. Nilitaka kubishana. Badala yake nimekaa chini nikaomba nao, halafu nikamsomea barua, polepole, yote.

Mama Riziki amesema: "Basi Mungu alishajibu. Ni siye tuliweka jibu mu kitunga."

Yeye na Neema wameondoka na gari la mpunga, Neema amelazwa juu ya magunia. Nimempa Mama Riziki barua ya kumjibu daktari. Mistari mitano. Wa mwisho: nazisoma, kuanzia jana.

Mchana nimesoma zile sita nyingine. Wagonjwa wawili nimewabadilishia dawa leo hii. Nilikuwa nawapa zisizofaa. Imeniuma sana.

Jumatatu, tarehe 19
Hakuna habari. Mtandao hakuna. Nimefagia kituo mara mbili.

Jumamosi, tarehe 24
Mama Riziki amerudi leo asubuhi. Kutoka barabarani amekuja moja kwa moja kwangu, bahasha mkononi, imefungwa. Wamempasua Neema. Mtoto wa kike. Wote wazima, watarudi wiki ijayo; kidonda kisafishwe kila siku ya pili, dawa zimeandikwa zote.

Chini daktari ameongeza: "Nilidhani huko hakuna mtu."

Mimi pia nilidhani hivyo juu yake. Nimesoma mara tatu, macho yamelowa kidogo.

Mama Riziki alikuwa bado amesimama mlangoni, anangoja kuipeleka kwenye maombi. Nimempa bahasha tupu. Karatasi nimebaki nayo.