Mfereji wa Chini ya Ziwa

Jumanne, Kigoma

Bora ningenyamaza. Mama Furaha, mpishi wetu kwenye meli ya utafiti, aliyekimbia vita Kongo mwaka jana, alinikuta nachora mifereji ya chini ya ziwa, ile tunayoipima kwa mitetemo ya sauti.

"Kaka, kitu kikizama hapa kinaenda wapi?"

Nikamweleza kwa mbwembwe kwamba mchanga wa mtoni hushuka na mfereji huu mpaka kilindini, ukatandazika huko, usirudi tena.

"Na mtu?"

Hapo ndipo nilipokumbuka mtumbwi wao uliopinduka wakivuka. Furaha alikuwa na miaka minne.

Aliweka kiganja juu ya ramani, akakiacha hapo muda mrefu. Kisha akauliza kina chake ni mita ngapi.

Namba ilikuwa mbele yangu. Nikamwambia hatujapima bado.